Shehena ya Vitabu na Dada Mgonjwa: Usomaji na Imani ya Kila Siku katika Maandishi ya John Mbiti

UTANGULIZI

Jina la John Samuel Mbiti (1931–2019) limezoeleka zaidi katika idara za dini na falsafa kuliko katika idara za lugha. Sababu yake ni wazi. Kitabu chake African Religions and Philosophy (1969) kilizua mjadala ambao haujaisha hata sasa, na wanaomtaja humtaja kama mtaalamu wa itikadi. Hata hivyo, mtu huyu aliingia katika uandishi kwa mlango wa fasihi. Mwaka 1954 alitoa hadithi ya Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Mwaka 1966 akachapisha Akamba Stories, mkusanyo wa ngano za watu wake. Mwaka 1969 akatoa diwani ya mashairi ya Kiingereza, Poems of Nature and Faith. Kazi yake kubwa ya uzeeni, iliyotoka mwaka 2014, ni tafsiri ya Agano Jipya kutoka Kiyunani hadi Kikamba. Kwa hiyo maisha yake ya uandishi yalianzia katika lugha ya mama, na baada ya miaka 60 yakarejea papo hapo.

Isisahauliwe pia kwamba Mbiti alikuwa kasisi. Alizaliwa Mulango, Kitui, akasoma Makerere, kisha Marekani, na hatimaye Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka 1963. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, akaongoza taasisi ya kiekumeni ya Bossey nchini Uswisi hadi 1980, na tangu 1981 hadi 1996 akawa mchungaji wa usharika katika mji wa Burgdorf, nchini humo humo. Mchungaji hasomi kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Husoma huku akijua kwamba Jumapili atasimama mbele ya watu, na kwamba Jumatatu ataitwa kwenye nyumba yenye msiba.

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja tu: Mbiti alifikiri nini juu ya uhusiano wa usomaji wa Kikristo na imani ya watu ya kila siku? Itadaiwa kwamba aliweka kipimo kilicho bora, yaani kwamba kitabu hupimwa mahali penye kilio. Itadaiwa pia kwamba vitabu vyake mwenyewe vya Kiingereza havikufikia kipimo hicho kila mara, na kwamba alikikaribia zaidi alipoacha kuzieleza lugha za Kiafrika kwa wageni akaanza kufanya kazi ndani ya lugha mojawapo.

KISA CHA MSOMI ALIYERUDI

Mahali panapofaa kuanzia ni kisa kifupi alichokisimulia Mbiti mwaka 1974 katika makala juu ya udhaifu wa teolojia na ulimwengu wa kanisa. Kijana mmoja wa Kiafrika apelekwa ng'ambo kusomea teolojia. Akaa huko karibu miaka kumi. Ajifunza Kijerumani, Kifaransa, Kiyunani, Kilatini na Kiebrania, mbali na Kiingereza, aandika tasnifu juu ya mwanateolojia wa kale asiyejulikana sana, apata udaktari. Arudi kwa ndege, na kwa furaha alipia mzigo uliozidi kipimo, kwa maana amebeba Biblia za lugha zote alizojifunza pamoja na vitabu vya mabingwa wa Ulaya na Marekani. Nyumbani apokewa kwa ngoma na nyama. Katikati ya shangwe dada yake mkubwa aanguka chini akipiga ukelele. Kijana ataka apelekwe hospitali. Aambiwa hospitali iko mbali mno. Wazee wasema: wewe umesoma mambo ya Mungu miaka yote hii, basi msaidie dada yako, amepagawa na pepo wa marehemu wa ukoo. Kijana aenda kukitafuta kitabu cha Rudolf Bultmann, afunua faharasa, asoma, na kupata jibu: mtaalamu huyo amekwisha kuviondoa visasili vya pepo katika Agano Jipya. Basi pepo hayupo. Dada angali chini.

Mhakiki wa fasihi atakitambua kisa hiki mara moja. Ni ngano ya mwana aliyesafiri na kurejea, ila imepinduliwa. Katika ngano ya kawaida anayerudi huleta dawa, au mali, au angalau hekima. Huyu aleta shehena. Orodha ndefu ya lugha na vitabu yatumika kama kibwagizo cha kejeli: kila kitabu kinachoongezwa chaongeza uzito wa mzigo bila kuongeza nguvu za mbebaji. Kisha kelele za ngoma zakatwa na ukelele mmoja, na hadhira yajua kwamba mtihani umefika.

Ni kosa kukisoma kisa hiki kama shutuma dhidi ya kusoma. Msimulizi mwenyewe alikuwa na udaktari wa Cambridge na alikijua vizuri Kiyunani. Kinachokejeliwa ni namna fulani ya kusoma, na alama yake ni faharasa. Mwenye kutafuta katika faharasa amekwisha kuamua kwamba swali la dada yake lina jina katika lugha ya Bultmann, na kwamba jibu limo katika ukurasa fulani. Hamwulizi dada. Hawaulizi wazee wanamaanisha nini wanapotaja jina la marehemu. Amesoma miaka mingi bila kufundishwa kusikiliza, na kumbe maandiko anayoyafasiri yalianza kama maneno ya mdomo yaliyosikilizwa.

Hata hivyo kisa kina kasoro mbili ambazo wasifaji wake huzipita. Ya kwanza ni kwamba dada hana sauti isipokuwa ukelele. Yeye ni kipimo cha msomi, si mhusika kamili. Msimulizi, kama yule kijana, hamwulizi neno. Ya pili inahusu hadhira. Kisa kiliandikwa kwa Kiingereza na kuelekezwa kwa wanateolojia wa ng'ambo. Hoja inayokizunguka ni kwamba Waafrika wamewasoma Wazungu, na sasa ni zamu ya Wazungu kuwasoma Waafrika. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini yaonyesha kwamba kilio cha nyumbani kimetumiwa kama ushahidi katika kesi inayosikilizwa mbali na nyumbani. Aliyeanguka chini hakuandikiwa lolote ambalo angaliweza kulisoma.

MOTO, MJI NA MACHOZI

Swali la namna watu wanavyosoma lilikuwa kiini cha tasnifu ya Mbiti, iliyochapishwa mwaka 1971 kwa jina New Testament Eschatology in an African Background. Humo alichunguza jinsi Wakristo wa Ukambani, waliofundishwa na misheni ya Africa Inland Mission, walivyopokea mafundisho ya mambo ya mwisho. Alizichambua picha moja moja: moto, hazina, mji, nchi, kula na kunywa, machozi na maumivu. Aliona kwamba mafundisho na nyimbo za misheni zilizitia picha hizo katika nyoyo za watu kama vitu halisi. Moto ukawa moto wa kuni. Mji wa mbinguni ukawa mji wenye barabara. Katika Agano Jipya lenyewe, alidai, picha hizo zaashiria uhusiano wa mwanadamu na Kristo.

Huu ni uhakiki wa jazanda, na umefanywa kwa makini kuliko uhakiki mwingi unaojiita wa kifasihi. Mbiti hawalaumu waumini. Lawama yake yawaangukia waliofundisha picha bila kufundisha matumizi yake. Na kwa kuwa lugha ya Kikamba, kwa maelezo yake, haikuwa na mazoea ya kuutazama wakati ujao wa mbali, matumaini ya mji ule yakawa ya haraka: watu walitazamia kuuona karibuni, na ulipokawia wakabaki na picha mikononi.

Lakini hapa Mbiti mkusanyaji wa ngano ampinga Mbiti mwanateolojia. Katika Akamba Stories fisi husema, mazimwi humeza watu, na waliomezwa hutoka wazima. Hakuna msikilizaji wa Kikamba aliyekwenda msituni kumtafuta fisi asemaye. Jamii yenye vitendawili, mafumbo na ngano za namna hiyo imezoea kwa karne nyingi kulishika neno kwa nje na kwa ndani. Je, uwezo huo hupotea mlangoni mwa kanisa? Yawezekana kwamba mwimbaji wa wimbo wa mji wa dhahabu alijua vyema kwamba anaimba, na kwamba aliyemwuliza kwa hojaji, je, mji huo upo kweli, alipata jibu la hojaji. Mbiti hakulizingatia vya kutosha jambo hili. Alipima imani kwa kauli, ilhali imani ya kila siku hukaa zaidi katika mahali na wakati kauli inapotumiwa: matangani, shambani, kwenye kitanda cha mgonjwa.

Tena matokeo ya Ukambani hayawezi kuhamishwa hadi kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili bila uchunguzi mpya. Maneno kama kiyama na jehanamu yalikuwa na wenyeji wake pwani karne nyingi kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Mkristo anayeyasoma katika Biblia ya Kiswahili, pamoja na ile ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, apokea neno lililokwisha kukaliwa na mafundisho ya Kiislamu, mawaidha na tenzi. Picha haimjii ikiwa tupu. Hilo ni suala la taaluma ya Kiswahili.

SASA NA ZAMANI

Lililompatia Mbiti sifa na upinzani zaidi ni nadharia yake ya wakati katika kitabu cha 1969. Alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, wakati uliopita ulio mrefu na wakati uliopo, na karibu hauna wakati ujao. Ushahidi wake ulikuwa wa kiisimu: alitaja njeo za Kikamba na Gikuyu zinazohusu wakati ujao, akaonyesha kwamba hazivuki miezi kama sita, na kwa vyovyote hazizidi miaka miwili. Kisha, ili kuepuka fikra zinazoambatana na maneno ya Kiingereza, akaziita pande hizo kwa maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani.

Upinzani ulitoka pande nyingi. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha 1970, aliwashutumu wasomi wa namna ya Mbiti kwa kuivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kiyunani. Byang Kato, mwaka 1975, aliogopa kinyume chake, kwamba injili ingemezwa na jadi. Kwame Gyekye, mwaka 1987, alionyesha kwa ushahidi wa Kiakan kwamba lugha ya Kiafrika yaweza kuutaja wakati ujao wa mbali bila taabu. Lakini jambo moja halikutiliwa mkazo: ushahidi watoka lugha mbili, na majina yatoka lugha ya tatu ambayo haikuulizwa.

Kama Kiswahili kingaliulizwa, kingalijibu mengi. Kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne mbele zenye majina. Kina mwakani. Kina kiambishi -ta- ambacho hakijali kama jambo litatukia jioni au baada ya miaka elfu. Kina milele. Tena zamani yenyewe ina asili ya Kiarabu. Msemaji asemaye kwamba zamani alikuwa mchezaji hodari wa mpira ataja miaka kumi iliyopita. Hataji bahari ya wakati ambamo mababu wamezama. Mbiti alilitwaa neno la sokoni na nyumbani, akaliandika kwa herufi kubwa, akalipa kazi ambayo wenyewe hawakulipa.

Hata methali hazikubali kusimama upande mmoja. Anayetaka kumtetea Mbiti atasema: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Anayempinga atajibu: akiba haiozi, na subira huvuta heri. Methali ni shauri linalotolewa kwa mtu fulani katika haja fulani. Si kifungu cha katiba ya falsafa. Vivyo hivyo Mswahili anaposema Mungu akipenda tutaonana mwakani, haukani wakati ujao. Autaja, kisha aukabidhi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo imani ya kila siku katika umbo lake dogo kabisa, na mchungaji aliyetafuta teolojia ya watu angaliikuta hapo.

Kwa hiyo yule kijana wa faharasa na mwandishi wa Sasa na Zamani wana undugu kidogo. Kila mmoja alilipeleka neno la watu kwenye kitabu kabla ya kulisikiliza lote. Tofauti ni kwamba kijana hakujua alilolifanya, na Mbiti, miaka mitano baada ya kitabu chake, alijua kiasi cha kuweza kulicheka.

TEOLOJIA YA MDOMO

Katika Bible and Theology in African Christianity (1986), kilichotoka alipokuwa mchungaji wa Burgdorf, Mbiti alipiga hatua muhimu. Aligawa teolojia ya Kiafrika katika mafungu matatu: ya maandishi, ya mdomo, na ya ishara. Ile ya maandishi ni ya wachache waliosoma, na kwa kawaida huandikwa kwa lugha za Ulaya. Ile ya mdomo hutungwa na waumini wa kawaida kwa nyimbo, mahubiri, sala na mazungumzo. Ile ya ishara huonekana katika sanaa, michezo ya kuigiza, ibada na mavazi. Aliitambua ya mdomo kuwa msingi, akasikitika kwamba sehemu kubwa yake yapotea kwa kutohifadhiwa.

Mgawanyo huu wapatana na juhudi za wataalamu wa fasihi simulizi katika vyuo vya Afrika Mashariki, waliokataa kuiona fasihi ya mdomo kama ngazi ya kufikia maandishi. Mbiti hasemi kwamba sala ya mwanamke kisimani ni malighafi inayongoja mwanateolojia. Asema kwamba ni teolojia. Kwa kauli hiyo dada wa kile kisa, aliyenyimwa sauti mwaka 1974, apata ruhusa ya kusema mwaka 1986.

Na usomaji je? Kwa maoni ya Mbiti, Biblia iliyotafsiriwa kwa lugha za wenyeji ndiyo iliyokuza makanisa ya Afrika, kwa sababu ilisomwa kwa sauti, ikasikika, ikaingia katika nyimbo. Msomaji mmoja kijijini aliwasomea ishirini. Kitabu kilikuwa tukio la kikundi kabla ya kuwa mali ya mtu binafsi. Hapa twaeni la mdomo na la maandishi, ambayo shule imeizoeza kama mistari miwili isiyokutana, yaonekana kuwa kamba moja iliyosokotwa.

KIYUNANI MIDOMONI MWA WAKAMBA

Tafsiri ya Agano Jipya ya 2014 haina budi kusomwa kwa mwanga huo. Kikamba hakikuwa kikikosa maandiko. Krapf alitoa Injili ya Marko kwa lugha hiyo mwaka 1850, na Biblia nzima ikapatikana mwaka 1956. Mbiti hakuijaza nafasi tupu. Aliona kwamba tafsiri zilizotangulia zilifanywa chini ya uongozi wa wageni, na kwamba yafaa mtu aliyekulia katika lugha hiyo, na ajuaye Kiyunani, aianze kazi upya kutoka chimbuko.

Katika kile kisa cha 1974, Kiyunani kilikuwa kimoja cha vitu vilivyomzidishia kijana uzito wa mzigo. Katika tafsiri hii, Kiyunani kile kile kimekuwa jembe. Mfasiri hana faharasa ya kukimbilia. Akifika penye habari ya mtu mwenye pepo, hawezi kusema kwamba visasili vimekwisha kuondolewa. Sharti atafute neno la Kikamba ambalo mama wa Mulango atalisikia na kulielewa, naye aliandike. Sharti aamue kama jina la pepo wa ukoo lifae au lisifae. Hayo ndiyo maswali ambayo kijana aliyakwepa. Kazi ya kutafsiri yamlazimisha msomi kumsikiliza dada.

Haidaiwi hapa kwamba kila uamuzi wa mfasiri mmoja ni sahihi. Tafsiri ya mtu mmoja ina hatari zake: hana wa kumpinga mezani, na Kikamba cha Kitui si Kikamba cha Machakos katika kila neno. Uchambuzi wa kina wa jambo hilo ni wajibu wa wataalamu wa Kikamba. Lakini kama kipimo ni kile alichokiweka Mbiti mwenyewe, yaani kitabu kinachoweza kusimama mahali penye kilio, basi kazi hii ina haki ya kupimwa kuliko zote alizoandika, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya kazi zake kubwa ambayo wale wanaolia waweza kuisoma.

HITIMISHO

Mbiti aliacha hoja mbili zinazovutana. Katika hoja ya kwanza aliwaeleza walimwengu kwamba Waafrika wana teolojia, na kwa ajili hiyo ilimbidi aandike kwa lugha ya walimwengu. Katika hoja ya pili alitambua kwamba teolojia hiyo huishi katika lugha za watu, na kwamba ikishatolewa humo hubadilika kama samaki aliyetolewa majini. Nadharia ya Sasa na Zamani ni tunda la hoja ya kwanza, pamoja na kasoro zake. Agano Jipya la Kikamba ni tunda la pili.

Mvutano huo hauwahusu wachungaji peke yao. Idara za lugha za Kiafrika zina wasomi wengi waliorudi na shehena, na makala juu ya lugha hizo bado huandikwa kwa Kiingereza, husomwa ng'ambo, na kurejea nyumbani kama faharasa. Mhakiki anayeitumia ngano ya mwanamke wa kijijini kuthibitisha nadharia, bila kumrudishia chochote katika lugha aliyoisimulia, hana haki ya kumcheka yule kijana. Mbiti alimcheka, kisha akatumia miaka ya uzee wake kumsahihisha. Mulango, ambako lugha yake ya Kikamba ilianzia, kuna watu watakaomwambia mhakiki kama masahihisho hayo yamefaulu, ikiwa atakwenda kuwauliza.